Koo la Mama Kipimo

Bodi ya Maadili ya Maandishi imetamka, na tamko lake lina nguvu ya sheria tangu siku lilipobandikwa ukutani, kwamba uchafu wa maneno ni kitu kinachopimika. Andiko chafu ni lile ambalo mtu mzima, mwenye akili timamu na heshima zake, hawezi kulisoma mbele ya wenzake bila sauti yake kutetemeka. Lisilomtetemesha ni safi. Katika kifungu kidogo cha pili Bodi imeongeza kwamba, kwa ajili ya usawa na kuepusha maneno ya watu, mtu mzima huyo atakuwa mmoja tu, wa kudumu, mwenye haki ya pensheni.

Kwa miaka kumi na tisa mtu mzima huyo alikuwa mjane mmoja wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye ofisini walimwita Mama Kipimo. Hakuna aliyemwita hivyo kwa dhihaka. Karani wa Bodi alilitamka jina hilo kama mtu anavyotamka rula. Kabla ya hapo mama huyu alikuwa hospitalini, dirisha la mapokezi, akiita majina ya wagonjwa. Sauti yake ilisifika. Haikupanda kwa mzee wala kushuka kwa mtoto. Watu walisema ukiitwa na yule mama huwezi kujua kama unaitwa kuchomwa sindano au kunywa chai. Siku moja aliita jina la mumewe, fundi bomba, aliyeletwa na wenzake akiwa ameshika kifua. Aliliita kwa sauti ileile, kwa kuwa ndilo lililofuata kwenye orodha. Mumewe hakuitika. Akaliita mara ya pili, kama utaratibu unavyotaka, kisha akaita la baada yake. Habari hiyo ilifika Bodi, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeundwa na inahangaika kutafuta mtu, na Bodi ikasema: huyo ndiye.

Chumba cha Kusikiliza kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi. Kilikuwa na mapazia mazito ya kijani, meza ndefu, na feni iliyolia kidogo kila mzunguko wa nne kama mtu aliyekumbuka jambo halafu akaghairi kulisema. Upande mmoja wa meza walikaa wajumbe watatu: Mwenyekiti, aliyewahi kuwa afisa wa magereza na bado alipenda kuhesabu watu waliomo chumbani kabla hajaketi, Mwalimu Mstaafu, mama mnene mwenye kalamu nyekundu ambayo hakuruhusiwa kuitumia, na Daktari wa Mifugo, aliyeteuliwa kwa sababu Bodi ilihitaji mwanasayansi. Upande wa pili, peke yake, alikaa Mama Kipimo na glasi yake ya maji. Karani alikaa pembeni na fomu yenye safu tatu: Kutetemeka, Kukohoa, Kucheka. Alama moja katika safu yoyote, na kitabu kimekwenda na maji. Kikishapatikana na hatia kilishushwa chini kwenye mashine ya kukatakata karatasi, nakala zote, hata mswada wa mkono, maana Bodi ilikuwa imeamua kwamba nakala ya uchafu nayo ni uchafu.

Mwaka wa pili Mama Kipimo alikuwa na mafua, akakohoa katikati ya kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mwandishi wa kitabu kile alihamia mji mwingine, akawa fundi wa paa. Tangu hapo Mama Kipimo akipata mafua, maandishi ya nchi nzima yalisubiri apone.

Watu wengi walidhani kazi yake ni ya mateso, mama wa watu kulazimishwa kusoma matusi kuanzia saa mbili hadi saa nane. Haikuwa hivyo. Akishafungua ukurasa wa kwanza, chumba kilianza kujitenga naye taratibu, kama kingo za mto zinavyojitenga na mtu aliyelala chali juu ya maji. Mapazia yalibaki kijani tu, wajumbe walibaki vivuli vitatu, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Maneno yalipita mbele yake, mengine yamevaa, mengine hayakuvaa, naye akayaacha yapite. Wanaume waliwarukia wanawake, wanawake wakaruka madirisha, vitanda vikavunjika, na yote hayo aliyasoma kama anasoma bei za saruji. Mapaja, matiti, vilio vya kurasa tatu mfululizo: saruji. Ile methali isemayo mficha uchi hazai ilifikishwa mbele ya Bodi mwaka wa tatu, ikasomwa, ikapigwa muhuri wa SAFI, na tangu hapo wananchi wana ruhusa ya kuitumia.

Aliyefaidika zaidi alikuwa mwandishi na mchapishaji mmoja wa vitabu vya kusisimua, bwana mwenye shati la maua na kicheko cha kutangulia, ambaye mtaani walimwita Bwana Vumilia kwa kuwa ndilo neno la kwanza katika majina ya vitabu vyake vyote. Hakuna kitabu chake hata kimoja kilichowahi kukataliwa. Kila akikutana na Mama Kipimo kwenye ngazi alivua kofia.

"Dada yangu! Koo la chuma! Nchi hii ingekuwa na watu kumi kama wewe, tungekuwa huru zamani."

"Asante, kaka."

"Kile cha mwisho, ukurasa wa themanini. Mimi mwenyewe niliyekiandika nilifunga mlango. Wewe ukapita nacho wima!"

"Ukurasa wa themanini?" Mama Kipimo alijaribu kukumbuka. "Palikuwa na ngazi?"

"Ngazi, farasi na mke wa meya."

"Ndiyo. Nimekumbuka farasi."

Vitabu vilivyokataliwa vilikuwa vya aina nyingine, na hapo ndipo Bodi ilipotoa jasho. Katika mwaka wa nne uliletwa mswada wa kurasa mia nne wenye madanguro matatu. Mama Kipimo aliyapita yote matatu bila kikwazo. Akafika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ambapo mzee mmoja anamenya chungwa, anatoa mbegu moja moja, na kuliweka kwenye sahani kando ya mkewe aliyelala, ili akiamka alikute. Hapo sauti ikatetemeka. Karani akatia alama. Wajumbe wakaanza kuutafuta uchafu katika ukurasa ule, kwa kuwa kipimo hakiwezi kukosea na hivyo lazima upo.

"Labda ni mbegu," alisema Mwenyekiti.

"Ni chungwa lenyewe," alisema Daktari wa Mifugo. "Haya ni mafumbo. Mimi nimesoma maumbile, nayajua."

Habari za mji hazifichiki. Waandishi walisikia, na kwa muda wa miaka sita hakuna mtu aliyemenya chungwa katika fasihi ya nchi ile. Walikula mapapai, tena wakiwa wamesimama.

Mama Kipimo mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Siku za namna ile alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa barazani na kuangalia kivuli cha ukuta kikivuka ua. Alijua kuna kitu kimemshika kooni. Alidhani ndio uchafu. Ndivyo tamko lilivyosema, naye alikuwa mtumishi wa umma.

Binti yake alikuwa na duka la nafaka mtaa wa pili, na Jumamosi mama alikwenda kumsaidia kushona midomo ya magunia. Jumamosi moja aliingia mzee mrefu mwenye sanduku la mbao begani, ndani yake mawe ya shaba yamepangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Alikuwa fundi wa mizani, na kila baada ya miezi mitatu alikuja kukagua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mizani yako inaringa."

"Inaringa vipi tena?"

"Haina kitu juu yake, nayo inasema gramu sitini. Unga umeganda chini ya sahani. Imezoea. Sasa inaamini ilizaliwa nao."

"Yaani nimekuwa nikiwaibia watu?"

"Bila kujua. Ndio wizi mbaya kuliko wote, maana hata raha yake huipati."

Binti akacheka, akamvutia kiti. Fundi akafungua mizani, akaanza kuikwangua kwa kijiti, na kama watu wengi wanaofanya kazi kwa mikono, mdomo wake ukabaki huru. Alisema ameandika kitabu. Kimemchukua miaka kumi na moja, madaftari tisa. Juzi amekipeleka Bodi, namba ya sita kwenye foleni, kitasomwa Alhamisi ya wiki inayofuata hiyo ijayo.

"Umebaki na nakala?" aliuliza binti, akimtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

"Nakala ya nini? Mimi si mwandishi, mwanangu. Mimi ni mtu aliyeandika tu. Niliandika mara moja, ikatosha. Wanasema pale kuna mama mmoja ana koo la chuma, hatishwi na kitu. Basi changu kitapita. Hakina hata busu."

"Kinahusu nini?" Aliyeuliza sasa alikuwa Mama Kipimo, sindano ya gunia mkononi.

"Mke wangu, shemeji. Tulivyoishi. Hakuna la ajabu." Fundi akapuliza unga kutoka kwenye kijiti. "Asubuhi za baridi alikuwa akivaa shati langu yeye kwanza, analizungusha nyumba nzima, anapika chai nalo, halafu ndipo ananipa. Ili lisinishtue kwa ubaridi. Mambo ya hivyo. Yeye ameshakwenda, sasa yuko humo tu, kwenye madaftari."

"Haya," alisema Mama Kipimo.

Lilikuwa neno moja, nalo lilitoka limevunjika vipande viwili. Akainama haraka juu ya gunia. Fundi hakugundua, alikuwa akihangaika na skrubu. Lakini binti alikuwa amekulia kwenye sauti ile. Alifundishwa kuhesabu nayo, akakemewa nayo, akaambiwa kwamba baba hayupo tena kwa sauti hiyohiyo. Hakuwahi kuisikia ikifanya vile.

Fundi alipoondoka, binti alifunga nusu ya mlango.

"Mama. Sauti yako."

"Nimeisikia."

"Ametaja shati tu! Shati lina nini?"

"Sijui lina nini. Ndilo tatizo."

Jumatatu, saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu, Mama Kipimo alifungua kabati la Karani na kutoa daftari la waliokataliwa. Lilikuwa jembamba kuliko alivyodhani. Vitabu arobaini na kimoja kwa miaka kumi na tisa, na mbele ya kila kimoja ule mstari uliomtetemesha, umenakiliwa kwa mwandiko wa Karani usio na huruma wala chuki. Alisoma akiwa amesimama. *Akamfunga mtoto kamba za viatu, akambusu goti.* *Alimwekea ndala zake mlangoni, zikitazama ndani.* *Nilimwacha alale, nikaenda kazini bila kuaga.* *Wakatembea bila kusema kitu hadi kwenye bomba.* Barua za mama kwa mwanawe aliyeko gerezani. Mwongozo wa wakunga, uliokatwakatwa kwa sababu ya sentensi ya mwisho ya utangulizi. Zaidi ya nyuki, hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na farasi wala mke wa meya. Jua la adhuhuri lilipenya pale pazia lilipochoka, likaangukia ukurasa, na kwa kitambo ilimjia kama njozi kwamba watu wote wale walikuwa wamesimama ukumbini nje ya mlango, kimya, na chungwa lao, na ndala zao, wakisubiri kuitwa kwa majina, na yeye ndiye mwenye orodha.

Alirudisha daftari mahali pake na kufunga kabati. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nchi nzima ilikuwa imekatazwa kusikia mambo ambayo yeye, fulani binti fulani, alikuwa hajayalilia.

Kwanza alifikiri kumwambia Mwenyekiti kwamba kipimo kimeharibika. Lakini alimjua Mwenyekiti. Angesema kipimo cha serikali hakiharibiki, labda watu ndio wameongezeka uzito. Na kama angekubali, angewekwa mtu mpya, na mtu mpya aliyekuwa akitajwatajwa ni mpwa wa Karani, kijana mwema sana lakini anayecheka hata kwenye matangazo ya mazishi. Safu ya tatu ingejaa kufikia Krismasi. Na madaftari tisa yalikuwa tayari kwenye rafu, yamefungwa uzi, namba sita.

Kesho yake, saa ya chakula, alimwendea Fundi. Karakana yake ilikuwa dakika nane kwa miguu kutoka ofisini. Ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, na ukutani mizani za kila aina zimening'inia: za kulabu, za sahani mbili, za kupimia watoto wachanga, zote zikitikisika kidogo kidogo mlango ulipofunguliwa, kama kundi la ndege walioshtuliwa usingizini lakini hawaoni sababu ya kuruka.

"Karibu, shemeji. Mizani imeanza tena?"

"Fundi, lile koo la chuma ni langu."

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi. Na nitakiharibu kitabu chako. Nikifika kwenye shati nitatetemeka, watasema shati ni uchafu, na watakisaga chote."

"Shati?"

"Mwaka ule lilikuwa chungwa."

Fundi alimtazama, akaanza kucheka. Kisha akaelewa kwamba hakuna mzaha, na kicheko kikamfia usoni polepole. Akakaa. Alikuwa amempoteza mke mara moja, na sasa mgeni mpole mwenye miwani ya kamba alikuwa amekuja kumweleza tarehe ya mara ya pili.

"Siwezi kukitoa?"

"Kikishaingia hakitoki bila muhuri."

"Na huwezi kukataa kukisoma?"

"Atasoma mwingine. Yeye anacheka."

Mizani zikatulia ukutani, moja baada ya nyingine.

"Hebu niambie," alisema Fundi, "ukisoma yale machafu yenyewe, inakuwaje?"

"Haiwi kitu. Saruji."

"Na haya mengine, yanakufanyaje?"

Akamwambia. Ilimchukua muda, kwa kuwa hakuwahi kulisema na ilimbidi atafute maneno kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya ugeni. Alipofika kwenye jina lililofuata kwenye orodha, Fundi aliinua mkono.

"Inatosha. Una uzito juu yako tangu siku ile, nawe unapima wengine juu yake. Ndiyo mizani ya binti yako hiyo."

"Kwa hiyo nitupwe?"

"Nani anatupa mizani kwa sababu ya unga? Inafunguliwa, inakwanguliwa, inarudishwa sifuri. Una dakika ngapi za chakula?"

"Arobaini."

"Kumi na sita zimeshakwenda kwa njia. Keti hapo. Nitakusimulia kitabu chote, wewe ulie hapa hapa, uyamalize. Alhamisi wakute pakavu."

"Kipimo hakiruhusiwi kuonana na mwandishi."

"Nimekwambia mimi si mwandishi."

Ikawa hivyo, siku saba za kazi. Kila saa sita na nusu Mama Kipimo alivuka barabara akiwa amebeba chakula chake ambacho hakukila, akakaa kwenye kibao kati ya mizani ya mkaa na mizani ya dhahabu, na Fundi akasimulia huku akifanya kazi. Alisimulia shati. Alisimulia mke alivyokuwa akimkata kucha za mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haukuwa na shabaha. Ugomvi wao wa siku tatu juu ya kabati, uliokwisha bila mtu kukumbuka nani alitaka liwekwe wapi. Jinsi alivyoimba wimbo mmoja tu na huo hakuujua mwisho. Mama Kipimo alilia. Alianza kwa adabu, kwa leso, na kufikia siku ya tatu akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, kichwa juu ya meza ya kazi. Alimlilia mke wa Fundi, akamlilia fundi bomba wake aliyekuwa akigonga ukuta mara mbili kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe, akamlilia yule mfuga nyuki. Mwenye bucha aliyefuata mizani yake alisimama mlangoni akiduwaa.

"Fundi, huyu mama umemtajia bei gani?"

"Ya kawaida tu."

"Basi mimi nitakuja kesho."

Jumatano Mama Kipimo aliketi, akanyoosha sketi, akasema kwa sauti, "Shati. Kucha. Kabati. Wimbo." Vilitoka vimenyooka. Saruji.

"Umefika sifuri," alisema Fundi, ingawa hakuonekana kufurahi sana. "Nenda salama."

Alhamisi walianza saa mbili. Mwenyekiti alihesabu watu, akapata watano, akaketi. Daftari la kwanza lilipita, na la pili. Chumba kilianza kujitenga naye kama ilivyokuwa zamani, mapazia yakawa kijani tu. Safari hii hata hivyo hakwenda mbali. Alielea karibu, akiisikia kila sentensi. Shati likapita. Kucha zikapita. Katika daftari la tano alimsikia Mwalimu Mstaafu akivuta pumzi ndefu, akadhani ni usingizi. Katika la saba Daktari wa Mifugo aliomba ruhusa akatoka, akarudi, akatoka tena. Karani hakuwa na la kufanya, akachonga penseli.

Daftari la tisa, ukurasa wa kumi na moja. Fundi hakuwa amemsimulia ukurasa huu.

*"Alipoacha kutembea nikawa namchukua bafuni mikononi,"* alisoma Mama Kipimo, na kwenye neno bafuni Mwenyekiti aliinua kichwa. *"Wiki ya kwanza nilijua amepungua kilo mbili na robo. Wiki ya pili kilo moja na nusu. Sikuhitaji mizani, mikono yangu imefanya kazi hiyo miaka arobaini. Siku moja akaniuliza, 'Nimepungua?' Nikamwambia, 'Umeongezeka nusu kilo.' Akacheka, akasema, 'Mizani yako mbovu.'"*

Akanyamaza.

Feni ikazunguka. Ikalia, ikazunguka, ikalia. Mama Kipimo alikuwa amefungua mdomo, nao ulibaki wazi hivyo, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Alijua kwamba akitoa silabi moja sasa, itatoka imevunjika, na mke wa mtu atashushwa ghorofa tatu kwenye mashine. Basi hakutoa. Glasi ilikuwa pale, hakuigusa. Karani aliinua penseli, akaishusha juu ya safu ya kwanza, akaihamisha juu ya pili, akaipeleka ya tatu, akarudi mwanzo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema kwa kunong'ona, "niandike nini?"

Mwenyekiti alikuwa amegeuza uso. Alikuwa akitazama mapazia.

"Sauti imetetemeka?"

"Hakuna sauti, Mheshimiwa."

"Basi iliyotetemeka ni ipi?"

"Hakuna. Amenyamaza tu."

"Kunyamaza kuna safu?"

Karani alipitisha kidole juu ya fomu, akaigeuza na nyuma. "Hakuna."

"Usiandike kitu kisicho na safu." Hapo sauti ya Mwenyekiti ilitetemeka vibaya sana, lakini yeye hakuwa kipimo.

Wakasubiri. Mwalimu Mstaafu alikuwa ameuma kalamu yake nyekundu. Dakika ngapi zilipita hakuna aliyeandika. Kisha Mama Kipimo alifunga mdomo, akameza mate, na sauti ikarudi kutoka huko ilikokuwa, imenyooka kama uzi wa mwashi:

*"Hiyo ndiyo mara pekee niliyopima vibaya kwa makusudi."*

Akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akaendelea mpaka mwisho. Saa nane kasorobo madaftari tisa yalipigwa muhuri wa SAFI, moja moja.

Hakusubiri jioni. Alivuka barabara na kusukuma mlango wa karakana, mizani zote zikaamka ukutani. Fundi alikuwa amesimama tu katikati ya chumba, hana hili wala lile mkononi.

"Kimepita."

Fundi akatafuta kibao kwa nyuma, akaketi.

"Ukurasa ule hukuniambia," alisema Mama Kipimo.

"Ningeanza na ule, nisingeweza kukusimulia mengine. Ukatetemeka?"

"Nilinyamaza."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali kipimo cha fundi mwenzake. "Hapo hata mimi niliacha mstari mtupu," alisema. "Basi uliusoma na huo."

Kitabu kilichapwa mwaka huohuo, nakala mia tatu, jalada la kijivu. Bwana Vumilia alikinunua kwa kudhani kuna kitu, akakirudisha dukani kesho yake akilalamika kwamba amesoma chote na hakukiona.

Kumbukumbu rasmi za kikao kile zipo, na yeyote mwenye kibali anaweza kuziona. Zinasema kwamba msomaji alisoma bila kutetemeka, kukohoa wala kucheka. Kwamba wajumbe wote watatu walifuta macho mara kadhaa na mmoja wao alilazimika kutoka mara mbili. Na kwamba sababu ilikuwa vumbi. Bodi iliazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa Chumba cha Kusikiliza kifagiliwe kabla ya kila kikao. Mama anayefanya usafi aliitwa, akasomewa azimio, akasema amesikia. Chumba kile hufagiliwa kila siku saa moja asubuhi, na Alhamisi ile, kwa kuwa alikuwa na nafasi, alikuwa amekipiga deki pia.